Namna ya Kuiba Mwaka wa Shule

Sogea karibu, mwalimu mwenzangu, na urudishie mlango. Haya ninayokwambia hayasemwi mstarini.

Mwaka wa shule hapa Tanzania una siku 194 za masomo. Ni wiki 39 kasoro siku moja. Toa wiki za mitihani. Toa michezo. Toa ile asubuhi ya masika walipokuja watoto kumi na mmoja, wote wameloa. Kinachobaki hakitoshi, na hakuna atakayekuongezea. Dawa ni moja: iba. Mimi nimeiba miaka mingi, mchana kweupe, mwalimu mkuu akiniona. Nakufundisha wizi huu kwa moyo wangu wote, kwa kuwa mali yenyewe ni dakika na wa kugawiwa ni watoto.

Tuchukue darasa la pili la shule ya serikali. Watoto 72, ubao mmoja, vipindi vya dakika 30. Ukiweza hapa utaweza popote.

1. Fanya uvivu mapema

Uvivu wa Desemba ni akili. Uvivu wa Februari ni balaa. Kaa chini siku moja kabla shule hazijafunguliwa, siku moja tu, uumalize mwaka mzima.

Chukua muhtasari, penseli na karatasi moja kubwa. Ikunje katikati mara tatu. Ikunjue: una vyumba vinane. Kila chumba ni mada moja, na kila mada itakaa wiki nne. Nane mara nne ni 32. Zimebaki wiki saba hivi. Usiziguse! Hizo ni za mitihani, za mafua, za msiba mtaani, na za mada itakayokataa kwisha. Mwalimu anayejaza wiki zote 39 amejiandikia deni, na atalilipa Novemba kwa kukauka sauti.

2. Usibuni mada, ziibe

Usikeshe ukitafuta mada ambayo haijapata kuonekana. Wakubwa wameshatafuta. Mwaka 1896 mjini Chicago, John Dewey alifungua shule ya majaribio ambamo watoto walipika, walishona na kufuma, na humo humo wakakutana na hesabu, sayansi na historia. Mwaka 1907 mjini Brussels, daktari Ovide Decroly alifungua shule iliyozungusha masomo kwenye mahitaji manne ya mtu: kula, kujikinga na baridi na mvua, kujilinda na hatari, na kufanya kazi na wenzake. Mwalimu Nyerere naye mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule iwe na shamba lake na iishi kama wanavyoishi watu wanaoizunguka. Watatu hao walitoka mbali mbali wakafika mahali pamoja: mada iko nje ya dirisha. Chungulia, ichukue.

Kisha zipange kwa kufuata mvua na kalenda. Januari iwe Jina Langu, maana mtoto hana neno analolipenda kuliko jina lake; hilo ndilo la kwanza atakalokubali kulisoma bila kubembelezwa. Februari na Machi, Maji, ili tarehe 22 Machi, Siku ya Maji Duniani, ikukute darasa lina la kusema. Aprili, Mbegu. Mei, Kuku. Julai, Soko, kwa sababu Sabasaba imetoka kupita na habari za maonesho bado ziko midomoni. Agosti, Mavuno, uisindikize Nane Nane. Septemba, Safari. Oktoba, Mwili na Afya, na Siku ya Kunawa Mikono, tarehe 15, unaipata bure.

Mpango huu ni wa mikoa yenye masika na vuli. Kama uko Dodoma, Singida au Songea, ambako mvua ni moja, kuanzia Novemba hadi Aprili, isogeze Mbegu iwe Januari. Usifundishe kuota kwa mbegu kwenye vumbi eti kwa sababu karatasi imesema.

3. Harage moja, masomo matano

Hapa ndipo penye wizi mkubwa. Walimu wengi hudhani mada ni pambo: picha ya samaki mlangoni, basi. Mada ni punda. Mpakie mizigo mingi, aende safari moja.

Chukua harage. Lipande kwenye kopo lililotobolewa chini. Wiki moja hivi, linachungulia. Kipindi cha kuhesabu: lipimwe kwa rula kila asubuhi, watoto watoe urefu wa jana kwenye wa leo. Kuandika: "Harage langu lina majani mawili." Kusoma: kila mtoto anasoma sentensi ya jirani yake, na jirani anasikiliza kwa makini kuliko anavyokusikiliza wewe, maana ni maneno yake. Mazingira: kopo moja liache dirishani, jingine lifungie kabatini. La kabatini litakuwa refu, jembamba, la manjano. Uliza kwa nini, kisha nyamaza. Sanaa: lichorwe. Umeandaa zana mara moja, umefundisha wiki mbili, na usiku hukukata manila hata moja.

Lakini usimpakie punda mpaka mgongo uvunjike. Mada isipoingia kwenye kipindi, usiisukume. Jedwali la kuzidisha halihitaji kuku. Silabi zina mfuatano wake, na mtoto anayeanza kuunganisha "ba" na "ta" haachi safari yake kwa ajili ya kupisha soko. Vipindi hivyo viendeshe kama vilivyo, umalize, urudi kwenye mada. Mtoto asiyejua kusoma haokolewi na picha nzuri.

4. Pendeza kwenye azimio

Mwalimu wa taaluma anataka azimio la kazi, na ana haki. Usimpelekee karatasi yenye mikunjo mitatu. Anza na muhtasari: umahiri uandike kama ulivyo, neno kwa neno. Mada yako iingie kwenye safu ya shughuli na safu ya zana. Umahiri ndio abiria, mada ni basi. Ukipanga hivyo hakuna wa kukwambia umeacha mtaala, kwa sababu hujauacha.

Na ile safu ya mwisho, ya maoni, ambayo hujazwa mwezi mzima kwa siku moja kwa maneno "somo limeeleweka", wewe ijaze kila Ijumaa kwa neno la kweli: "Watoto 14 bado hawajui kutoa kwa kukopa." Dakika moja imekutoka. Jumatatu yote imekwishapangwa.

5. Iba asubuhi

Dakika tano za kwanza ndizo zinazopotea kila siku: majina yanaitwa, begi linatafutwa, wawili wanagombea dawati. Tano mara 194 ni dakika 970, zaidi ya saa 16. Hivyo ni vipindi 32 na ushee. Ziibe namna hii.

Kabla hujaondoka leo, andika swali la kesho ubaoni. Liwe fupi na liwe la mada: "Maji ya kwenye chupa yamepanda au yameshuka?" Chupa yenyewe ni ya maji ya kunywa, umeikata shingo ukaigeuza iwe mdomo wa kukingia mvua. Bandika rula ubavuni, kisha jaza maji mpaka alama ya sifuri, maana kitako cha chupa kina mabonde na kitakudanganya. Mtoto akiingia anajua pa kwenda na cha kutazama. Hujasema neno.

Rejista nayo usiiimbe. Gawa darasa vikundi 12 vya watoto sita. Kila kikundi kina makopo mawili: Nyumbani na Shuleni. Kila mtoto ana kisoda chenye jina lake. Akifika anakitoa Nyumbani anakitia Shuleni. Visoda vilivyobaki Nyumbani ndio watoro na wagonjwa. Unapita ukitazama makopo 12 ya Nyumbani, umemaliza. Na Januari, mada ikiwa Jina Langu, kukisaka kisoda chako kati ya sita ni somo la kusoma ambalo hukulifundisha.

Usipige kelele "Nyamazeni!" Piga makofi kwa mdundo, wajibu kwa mdundo, kisha sema kwa sauti ya chini. Watoto 72 hawatulii kwa amri. Hutulia wakihisi kuna siri.

Mpangilio huo usiubadilishe. Mada ibadilike kila mwezi, ratiba ibaki ile ile. Mtoto anayejua kinachofuata haulizi, na kila swali ambalo hakuuliza ni dakika yako.

6. Gawa vyeo

Kila mtu anapenda cheo, na mtoto wa miaka minane hana haja ya kulificha hilo. Mtumie, naye atafurahi.

Tengeneza vyeo 12. Waziri wa Chaki. Waziri wa Maji ya Kunawa. Mlinzi wa Mlango. Mpima Mvua. Mtunza Vitabu. Mfuta Ubao. Katibu wa Siku, anayeandika tarehe. Endelea mpaka 12. Kata beji za boksi, zitobolee, zitie uzi. Beji ya boksi humnyoosha mtoto mgongo, naye huja shule kucha zimekatwa.

Vyeo vibadilike kila Jumatatu. Vyeo 12 kwa watoto 72: kila baada ya wiki sita kila mmoja ameshika kimoja. Usiwape wenye akili nyepesi peke yao. Aliyezoea kutumwa na kila mtu, mpe Mlinzi wa Mlango. Asiyejua kuandika, mpe Katibu wa Siku, ukae karibu naye. Hapo utaona cheo kikimfunza kazi.

Hesabu sasa ulichobakiwa nacho. Kufuta ubao si kwako. Kugawa vitabu si kwako. Mikono yako ni mitupu, na hilo ndilo ulilolitafuta.

7. Ajiri wataalamu wasio na mshahara

Mzazi huitwa shule kwa mambo mawili: mchango au kosa. Mwite kwa jambo la tatu: anachokijua. Mada ikiwa Soko, mwite mama ntilie aeleze anavyojua sahani ngapi zitatoka kwenye kilo moja ya mchele. Ikiwa Safari, mwite konda, aoneshe anavyorudisha chenji ya elfu kumi gari likienda. Ikiwa Mwili, mwite fundi cherehani na futi yake, apime mabega ya watoto watatu. Mtu ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza ujuzi wake atakuja amevaa nguo ya sikukuu, na atafundisha hesabu kuliko kitabu. Wewe kaa nyuma, andika maneno mapya ubaoni.

Mwalimu mkuu usimsahau. Mwombe awe mteja wa kwanza kwenye soko la darasa, anunue nyanya za udongo kwa noti za karatasi, watoto wampigie hesabu. Atakaa dakika kumi zaidi ya alivyopanga. Wiki ijayo ukiomba manila na gundi, utamkuta anakumbuka vizuri.

8. Ukuta ukutetee

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ukuta wa darasa lako uundwe na watoto. Usichore wewe. Kwanza utachoka, pili mchoro wako hautazamwi baada ya siku mbili. Bandika kazi za watoto, zote 72, zenye majina, hata ile iliyochafuka wino. Unga wa muhogo uliopikwa ni gundi nzuri. Mtoto humvuta mama yake mpaka ukutani akaone jina, na mama aliyeona jina la mwanawe ukutani hununua daftari la pili bila kusukumwa.

Siku mthibiti ubora wa shule akifika, usikimbilie kufagia. Mwache Mlinzi wa Mlango ampokee. Mwache Mpima Mvua amweleze milimita. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe simama pembeni na azimio lako mkononi, lenye safu ya maoni iliyosema kweli. Atauliza watoto, na watoto watajibu kwa kuwa ni kazi yao wanayoulizwa.

9. Funga siku kwa ndoano

Dakika kumi za mwisho usizitupe kwenye "wekeni vitabu, kaeni kimya". Simulia. Sungura, Fisi, Abunuwasi, au kisa cha bibi yako. Saa ile ile, ukiwa umesimama pale pale. Na ukifika mahali ambapo Fisi ameshika mkia wa Sungura, koma. "Kesho." Watalalamika mpaka getini. Kesho rejista yako itakuwa imejaa. Nimeona mtoto mwenye homa akija shule kwa ajili ya Fisi. Ilibidi nimsimulie mwisho peke yake ndipo akubali kurudishwa nyumbani.

10. Gawa mali ya wizi

Sasa una dakika mfukoni. Ziko za rejista, za chaki, za manila ambayo hukuikata. Usizile. Usizipeleke ofisini kupiga soga. Zina mwenyewe.

Kila siku, darasa likiwa na shughuli ya mada ambayo linaijua kuifanya, chukua kikundi kimoja cha watoto sita. Kaa nao chini, kwenye mkeka, uwasikilize wakisoma mmoja mmoja. Mchana chukua kikundi cha pili. Vikundi 12, viwili kwa siku: kila baada ya siku sita za masomo umemsikia kila mtoto kwa masikio yako. Katika darasa kubwa mtoto anaweza kumaliza mwaka mzima akiitikia na kundi, midomo ikicheza, macho hayaoni herufi. Kwa pamoja wote wanasoma. Kwenye mkeka hakuna pa kujificha, na hakuna wa kumcheka. Mbinu zote tisa zilizotangulia nilikupa kwa ajili ya mkeka huu.

11. Shindwa kwa adabu

Kuna mada itakufia. Ikifa, usiifiche. Izike mbele ya watoto, mjifunze kwenye matanga.

Mwaka mmoja, Mei, mama mmoja jirani wa shule alitukubalia kuchungulia kuku wake aliyelalia mayai tisa. Kuku huatamia siku 21, na siku 21 ni zawadi kwa mwalimu wa mada: zinakaa ndani ya wiki nne kama zimepimwa. Kila asubuhi Katibu wa Siku aliandika pembeni mwa ubao: "Bado siku 21." Kesho yake: "Bado siku 20." Sentensi moja, namba inashuka. Cheo kile nilikuwa nimempa mtoto wa dawati la nyuma, ambaye kwenye mkeka nilimkuta hajui kusoma hata jina la shule. Nikaivunja kanuni yangu ya Jumatatu, nikamwachia beji wiki zote tatu.

Siku ya 21 hakikutoka kifaranga. Siku ya 22 vilitoka viwili. Mayai saba hayakuanguliwa. Nilikuwa nimewaandalia mchezo wa vifaranga tisa, na barakoa tisa za boksi zilikuwa mezani. Nikaziacha hapo hapo mezani. Tukamwendea yule mama, akatueleza kuwa usiku mmoja mvua ilimtoa kuku kwenye kiota na mayai yakapoa. Darasa lilirudi kimya. Tisa kutoa mbili, walikuwa wameshaifanya njiani bila kuambiwa.

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na kikundi changu, sina cha kufuta wala cha kugawa, nilipomwona Katibu wa Siku akinyanyuka na chaki. Sikumtuma. Akaandika polepole, ulimi nje: "Bado mayayi saba."

Alichukua neno aliloliandika wiki tatu, akaliunganisha na maneno ambayo hakuna aliyemwandikia. Hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza duniani. Ile "y" iliyozidi sikuifuta siku hiyo. Niliifuta keshoye, tukiwa naye, kwenye kipindi cha kuandika.

Kama ningekuwa naita majina, nisingemwona.

Basi. Andika swali la kesho ubaoni, funga mlango, nenda nyumbani ukapumzike.